Sikio la Dizzy Gillespie

Ndugu wasikilizaji, wengi wetu tunamfahamu Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, kwa picha: mashavu yaliyovimba kama puto na tarumbeta ambayo mdomo wake umepinda kuelekea juu. Picha hiyo inachekesha, naye mwenyewe alipenda kuchekesha, lakini kwa maoni yangu imemficha mwalimu.

John Birks Gillespie alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1917 huko Cheraw, South Carolina, akiwa kitinda mimba wa watoto tisa wa fundi mwashi aliyekuwa pia kiongozi wa bendi. Mwaka 1939 aliajiriwa na kiongozi wa bendi Cab Calloway, akafukuzwa mwaka 1941 baada ya kusingiziwa kurusha kidonge cha karatasi jukwaani, ugomvi ulioishia kwa Gillespie kumchoma Calloway kisu.

Wakati huo alikuwa akikesha Minton's Playhouse, klabu ya jazi huko Harlem, New York, pamoja na mpiga piano Thelonious Monk na mpiga ngoma Kenny Clarke, wakitafuta mtindo mpya wa jazi ambao baadaye uliitwa bibopu. Mpiga saksafoni Charlie Parker alikuwa mwenzake mkuu katika safari hiyo, ila Gillespie ndiye aliyekuwa tayari kuketi kwenye piano na kuwaonyesha wengine jinsi sauti zinavyopangwa. Kijana Miles Davis, mpiga tarumbeta, naye alihimizwa na Gillespie ajifunze piano.

Mwaka 1947 alimwingiza katika bendi yake kubwa mpiga ngoma kutoka Kuba, Chano Pozo, ambaye hakujua Kiingereza. Pozo alileta wimbo wa "Manteca" vipande vipande, kila kundi la ala likirudia kipande chake juu ya kingine bila kubadilika. Gillespie aliona wimbo unahitaji sehemu ya kati, akakusudia kuandika mizani minane (vipimo vya mapigo ya muziki), ikamkokota hadi kumi na sita. Ukiusikiliza, utasikia pale ngoma za Kuba zinapoipisha jazi, kisha zinarudi.

Na ile tarumbeta? Tarehe 6 Januari 1953, katika sherehe ya kuzaliwa ya mkewe, Lorraine, mchekeshaji mmoja aliiangukia ikapinda. Gillespie aliipuliza hivyo hivyo, akagundua kwamba sauti inamfikia masikioni upesi zaidi. Akaagiza nyingine itengenezwe ikiwa imepinda makusudi, na tarumbeta za namna hiyo alizipuliza hadi uzeeni.