Hiari ya nani? Maneno ya Wazungu ya kuchunga kabla usaini

Sasa watu wangu wa Nakuru, Kisumu, Kakamega, na nyinyi wa Bungoma mnaoniangalia mkiwa kwa matatu, mko poa? Leo niko njiani naenda shifti ya jioni huku Leicester, kwa hivyo mkisikia upepo mnivumilie. Kuna dada mmoja wa Kondele ameniandikia inboksi, amepata kazi ya kutunza wazee huku Uingereza na kwa mkataba kuna karatasi imeandikwa ‘opt-out’, anauliza asaini ama awachane nayo. Ntaifikia, lakini kwanza tuongee kuhusu haya maneno ya Kiingereza ya mambo ya hiari, juu ni mengi na si kila moja linamaanisha wewe ndio unaamua.

‘Optional’ haina maneno, ukiiona kwa fomu ruka uendelee. ‘Voluntary’ pia. Sensa ya England na Wales ukikataa kujibu unaweza pigwa faini mpaka pauni 1,000, lakini swali la dini, lile liliingia 2001, ni la hiari, liache wazi tu na hakuna wa kukusumbua. Si kama harambee ya huko kwetu, eti changa kwa hiari yako, halafu jina na pesa uliyotoa vinasomwa kwa maikrofoni na ukitoa soo mbili unasikia emsii amenyamaza kidogo.

Yenye inachanganya watu ni ‘discretionary’. Restoranti nyingi za London bili inakuja na asilimia 12.5 juu, imeandikwa ‘discretionary service charge’, na hapo mwenye kuamua ni wewe, unamwambia weita aitoe na anaitoa, hata kama atakuangalia vibaya. Sawa. Sasa mkataba wa kazi nao unasema ‘discretionary bonus’, mtu anaanza kupiga hesabu ya kumalizia mathe nyumba kule Kiamunyi, na tulia kwanza, hapo mwenye kuamua ni bosi, anaweza kukupa na anaweza kukunyima. Uhamiaji ndio usiseme, huko ni ofisa. Neno ni lile lile lakini mwenye rungu amebadilika, kwa hivyo mimi nikiliona naulizanga, hiari ya nani?

Hospitali wana ‘elective’. Watu wanasikia ‘elective surgery’ wanadhani ni mambo ya urembo, kumbe ni upasuaji wowote unaopangiwa tarehe, yaani si dharura. Goti, henia, mtoto wa jicho, zote ziko humo, na unaweza kuwa unaumia mpaka usiku hulali.

(Wa Marekani najua mtasema tip ni hiari. Kisheria ndio, lakini weita wa huko, kima cha chini cha serikali kuu ni dola 2.13 kwa saa tangu 1991, so jaribu kutoka bila kuacha kitu uone macho.)

Haya, dada wa Kondele. Sheria ya huku ya 1998 inasema bosi asikufanyishe kazi zaidi ya masaa 48 kwa wiki, kawaida wanachukua wastani wa wiki 17, isipokuwa wewe mwenyewe usaini kwamba umekubali kupita hapo. Hiyo ndio opt-out. Hawaruhusiwi kukufuta ati kwa sababu umekataa, na hata ukisaini halafu uchoke unaweza kuitoa, unaandika notisi ya siku 7, ama mpaka miezi 3 kama mlikubaliana hivyo. Shida ni venye inaletwa, imechomekwa katikati ya makaratasi ya lazima na mtu wa HR anakuonyesha kwa kidole tu, hapa, hapa, na hapa. Mimi sijaisaini, mgongo wangu naujua. Wenzangu wengi wamesaini juu wanatafuta pesa ya ovataimu, na siwalaumu, karo ya watoto ni karo. Ukitaka masaa mengi saini, hutaki rudisha ikiwa tupu na uombe kopi ya mkataba. Basi yangu ndio hii, wacha nipande, ya pensheni tutaongea wiki ijayo.