Saratani ya kongosho: ulizeni na upande wa baba

Mama zangu, baba zangu, assalaam aleikum.

Hapa Mombasa mtu akifa kwa saratani ya kongosho, nyumbani husemwa tu kwamba alikuwa na maradhi ya tumbo. Matanga yakiisha, na habari imeisha. Naomba isiishe hapo. Katika kila wagonjwa 10 wa saratani hii, yapata mmoja amezaliwa na hitilafu ya jeni (kinasaba) inayoichochea, na kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Jeni inayokutwa mara nyingi ni BRCA2, hiyo hiyo ya saratani ya matiti na ya ovari. Kwa hivyo mshauri wa vinasaba, yaani mtaalamu wa maradhi ya kurithi, hatauliza habari za babu aliyeugua kongosho peke yake. Atauliza na habari za shangazi aliyekatwa titi. Wengi wetu huhesabu wagonjwa wa upande wa mama tu. Baba naye hurithisha, binti na mwana, hata kama yeye mwenyewe hakuugua kabisa.

Wa kwanza kupimwa awe mgonjwa, angali hai. Tangu 2019 miongozo ya Marekani inataka kila mwenye saratani ya kongosho apimwe vinasaba, hata kama hajui mgonjwa mwingine katika ukoo. Hitilafu ikijulikana kwake, jamaa hutafutiwa hiyo hiyo. Akianza kupimwa mzima, jibu la "hakuna" halitoshi kumtuliza, maana hatujui lililokuwa kwa mgonjwa. Najua ni zito kumwomba damu mtu aliye kitandani akiumwa. Basi aelezwe kwamba na yeye linamfaa: wenye hitilafu za BRCA aghalabu husaidiwa zaidi na dawa za kemotherapi za aina ya platini, na baadhi yao hupewa dawa iitwayo olaparib.

Kurithi si kuugua. Wengi wenye BRCA2 yenye hitilafu hawapati kamwe saratani ya kongosho. Aliye katika hatari kubwa huchunguzwa kila mwaka kwa kipimo cha picha cha MRI au kwa altrasaundi inayopitishwa kinywani, mara nyingi kuanzia miaka 50, au miaka 10 kabla ya umri aliougua mgonjwa mdogo zaidi katika ukoo. Na sigara aiache leo.

Kuhusu siri: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti. Jibu ni lako. Mshauri atakusaidia kuwaandikia ndugu barua, ukiridhia. Watoto wadogo wasipimwe BRCA2. Wangojee wakue, waamue wenyewe.