Zebaki haipotei, inahama

Ndugu zangu wachimbaji, na mama zangu mnaoosha marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa, naanza palepale ninapoanzia siku zote: kwenye moto. Mkishakamua kwenye kitambaa zebaki iliyonasa dhahabu, kinachobaki ni tonge. Tonge la gramu 10 kwa kawaida karibu nusu yake ni dhahabu, nusu ni zebaki. Likiwekwa juu ya mkaa, zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 na kuwa mvuke usio na rangi wala harufu. Mnasema imepotea. Imepotelea wapi? Imeingia kwenye mapafu ya anayechoma na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Iliyobaki inashuka na mvua hadi mtoni, vijidudu vya kwenye tope vinaigeuza sumu inayokaa kwenye nyama ya samaki, na samaki mkubwa anakuwa nayo zaidi kwa kuwa amekula wadogo wengi.

Dawa ni retoti: bakuli la chuma, kifuniko cha kukaza kwa skrubu, na bomba linaloinamia chini. Chuma kitupu. Bomba lililopakwa zinki likipata moto linatoa moshi wa sumu, na shaba au alumini zebaki inazila. Usijaze zaidi ya nusu, maana tonge likichemka linarukia kwenye bomba na kuliziba, kisha mvuke unatokea kwenye kifuniko. Ukingo wa kifuniko uzibe kwa udongo wa mfinyanzi. Bomba lifunge tambara bichi, ulitilie maji kila linapoanza kukauka.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo watu wanapoharibu. Mdomo wa bomba ukae juu kidogo ya maji ya kwenye karai, usizame. Ukizama, moto ukipungua hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji. Maji yakigusa chuma chekundu yanageuka mvuke ghafla, na chombo kinaweza kupasuka usoni mwenu. Wala msifungue kikiwa cha moto. Najua mnunuzi amesimama pembeni anatazama saa. Asubiri! Kifunguliwe kikishikika kwa mkono mtupu.

Atanyanyuka mtu aseme dhahabu ya retoti inatoka ya kahawia na mnunuzi anapunguza bei. Rangi hiyo iko juu tu, iyeyusheni kwa boraksi mwone njano yake. Mwingine atasema inachelewesha. Inachelewesha, ndiyo, lakini zebaki unayoirudisha kwenye kichupa ni ile uliyoinunua, na kesho unaitumia tena. Kuna kazi gani nyingine ambayo mtu anachoma mtaji wake kila jioni na kuona ni kawaida?

La pili, na hili linaniudhi: kumwaga zebaki ndani ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Ikisagwa pamoja na mawe inavunjika kuwa vitone vidogo mno, visivyoungana tena, na vinaondoka na maji vikiwa vimebeba dhahabu yako. Kisha marudio hayo yanauzwa yakachenjuliwe kwa sayanaidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu, na sayanaidi inaiyeyusha ile zebaki na kuisafirisha mbali zaidi. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unataka mambo manne yakomeshwe: zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, kuchoma tonge hewani, kuchoma kwenye makazi, na sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa. Osheni kwanza kwa mbao na magunia, mpunguze mchanga, zebaki iguse kile kidogo kizito peke yake.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nitaje upesi. Msifanye kazi ndani ya mita 60 kutoka mtoni, Sheria ya Mazingira ya 2004 imeshasema, na mwalo, pale mnapooshea, pia unahesabiwa, si duara tu, yaani shimo la kuchimbia. Leseni ndogo ya uchimbaji haiwapi ruhusa ya kuingia msitu wa hifadhi bila kibali cha wanaousimamia. Ule msitu ni wa wote. Na mkifungua duara, udongo mweusi wa juu wekeni rundo lake peke yake, msiuchanganye na kifusi, kwa sababu siku ya kufukia ndio unaorudi juu, na juu ya mawe matupu hakuna kinachoota.

Retoti iko pale mezani. Njooni mwifunge na kuifungua kwa mikono yenu.