Sahihi Yetu Ndiyo Iliyofungua Mlango

Hamjambo? Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalisema tena: cheti cha kununulia silaha kwa jina la Kenya kionwe na Bunge kabla hakijatumwa.

Habari ya Faina, meli iliyobeba silaha kutoka Ukraine, siwahadithii watu wa Mombasa. Ilitekwa na maharamia Septemba 2008 ikiwa njiani kuja kwetu, ikatia nanga hapa Februari 2009, na ndani yake vifaru vya kivita 33 aina ya T-72. Mimi nataka tutazame karatasi zake. Kwenye hati kulikuwa na herufi nne: GOSS. Serikali yetu ikasema vifaru ni vya jeshi la Kenya, na herufi hizo ni za idara ya zana. Wengine wakazisoma kuwa Serikali ya Sudan Kusini, kwa Kiingereza. Ukraine nayo ikashikilia kwamba mnunuzi ni Kenya. Desemba 2010 zikavuja nyaraka za kibalozi za Marekani: mzigo ulikuwa wa Juba, yaani wa serikali hiyo ya Sudan Kusini.

Nimefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini miaka mingi. Juzi nilimtolea mpwa wangu kigari kutoka Japani. Walitazama mwaka wa kutengenezwa, maana lililozidi miaka minane haliingii. Wakalinganisha nambari ya chasisi na hati, tarakimu moja moja. Nane moja ilikuwa imefifia, ikasomeka sita, gari likalala siku tatu. Sikulalamika, ndivyo inavyotakiwa. Lakini kifaru je? Nani aliuliza herufi zile ni za nani kabla meli haijang'oa nanga?

Nchi inayouza silaha hutoa leseni kwa kutegemea cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani hati inayosema ni nani hasa atakayezitumia, na cheti hicho hutiwa sahihi na mnunuzi. Mzigo ukishaondoka, ni nadra muuzaji kuufuata. Kwa hiyo msiniambie leseni ni mambo ya Kiev au London. Sahihi ya Kenya ndiyo iliyofungua mlango.

Najua mtakalosema: siri ya usalama wa taifa. Someni ibara ya 238 ya Katiba: usalama wa taifa uko chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kamati ya Bunge inaweza kukaa faragha, ikaona cheti kabla hakijatumwa. Siri ya kumficha adui naielewa. Ya kumficha mbunge siielewi hata kidogo!

Uingereza, Juni 2019, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba serikali ilikosea kisheria kutoa leseni za silaha kwenda Saudi Arabia bila kupima kama sheria za vita zilikuwa zimevunjwa katika vita vyake vya Yemen. Mwaka uliofuata serikali ikapima upya, ikaanza tena kutoa leseni. Hilo linanichoma, lakini angalau palikuwa na mahali pa kwenda kuuliza.

Na Kenya ndiyo ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoandaa azimio la Umoja wa Mataifa la 2006 lililozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha!

Muda umekwisha. Mkimwona mbunge wenu, muulizeni: cheti cha silaha cha karibuni zaidi kilichotiwa sahihi kwa jina la Kenya, ni kamati gani iliyokiona?