Tusiseme Tu "Imekataa": Namna ya Kutafuta Msaada wa Mashine ya Kufuma Sweta

(Mhadhara uliotolewa kwa wafumaji wa sweta mjini Dodoma)

Ndugu zangu wafumaji, kina mama, kina baba na vijana mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi na hapa mjini, nawashukuru kwa kufika. Mashine hizi mnazifahamu na wengi wenu zinawalisha, kwa hiyo sina haja ya kueleza ni kitu gani. Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmenisikia nikilisema mara nyingi, na nitaendelea kulisema mpaka nione linafuatwa.

Kila wiki napigiwa simu. Mtu anasalimia vizuri, anauliza habari za nyumbani, kisha anasema, "Mashine yangu imekataa." Namuuliza imekataa nini. Ananijibu, "Imekataa kufuma." Namuuliza ni mashine gani, naye ananiambia ni ile ya rangi ya maziwa. Rangi hainisaidii chochote, kwa sababu mashine za kampuni mbalimbali hufanana kwa rangi huku sindano zake haziingiliani hata kidogo. Tumelelewa tukiambiwa kwamba kuuliza si ujinga, na ni kweli. Lakini anayeuliza bila kusema ameona nini amemtwika mwenzake kazi ya kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoua mashine zetu. Nasema hivyo kwa sababu yangu nusura ife.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili katika kazi hii. Nilikuwa nimepokea oda ya sweta 60 za shule ya msingi, zilizotakiwa kabla baridi ya Juni haijakolea. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya mgongo wa sweta, kichwa cha mashine, kile unachokisukuma kulia na kushoto juu ya sindano, kikakwama upande wa kushoto. Nikakisukuma kwa mikono yote miwili. Kikapita kwa kishindo, na vitanzi kadhaa vikadondoka. Nikaviokota, nikaendelea, baada ya mistari michache kikakwama tena palepale. Nikaifunga mashine kwenye shuka, nikampelekea fundi wa cherehani, mtu mwenye sifa nzuri katika kazi yake, nikamwambia neno hilohilo ninaloambiwa leo: "Imekataa."

Fundi yule alifanya kile ambacho cherehani ingehitaji. Aliona chuma kinasugua, akaamua kimekauka, akamimina oili ya pikipiki kwenye kitanda cha sindano, lile bamba refu lenye mifereji ambamo sindano hukaa, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nilirudi nyumbani kichwa kikiteleza vizuri, nikafuma kipande kizima, nikamshukuru Mungu. Baada ya siku mbili vumbi letu la Dodoma lilikuwa limeshika ile oili na kugeuka uji mweusi ndani ya mifereji ya sindano, vitanzi vinadondoka zaidi kuliko mwanzo, na sweta nyeupe zimepata madoa yasiyotoka. Nikaambiwa tatizo ni sindano. Nikaagiza sindano Dar es Salaam, zikaja kwa basi, na zilipofika zikagoma kuingia, kwa kuwa zilikuwa za mashine ya kampuni nyingine. Wiki mbili zilipita hivyo. Shule ikachukua sweta kwa mtu mwingine.

Nilipokuwa nimeshakata tamaa na kutafuta wa kuinunua mashine yangu kwa bei ya chuma chakavu, jirani alinipa namba ya simu ya mama mmoja mtu mzima wa Singida aliyefuma miaka mingi. Nikampigia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamwambia mashine imekataa. Hakunijibu lolote kuhusu kukataa. Aliniuliza mambo manne, na kila moja lilinilazimisha niweke simu chini niende nikaangalie.

Kwanza, jina la kampuni na herufi na namba zilizoandikwa kwenye mashine. Pili, sindano ya ngapi, na upande gani. Sikuwa nimewahi kutambua kwamba kitanda cha sindano kimeandikwa namba kutoka sifuri katikati hadi 100 kila upande. Nikahesabu, nikamwambia ni kati ya 30 na 45 kushoto. Tatu, hukwama kichwa kinapokwenda kulia, kinapokwenda kushoto, au kote? Kote. Nne, uzi gani, na kile kizungusho cha kukaza na kulegeza uzi juu ya kichwa kiko kwenye namba ngapi? Nikamjibu. Ndipo aliponiambia, "Vuta sindano moja ya hapo mbele. Weka ncha ya kidole chini ya ndoano yake, inyanyue kidogo, kisha iachie. Inarudi chini yenyewe?" Nikajaribu. Ilibaki juu, inachezacheza. "Basi mwanangu, sponji imelala. Huna ugonjwa mwingine."

Mazungumzo hayo hayakufika dakika 15. Mama yule alikuwa Singida, nami nilikuwa hapa Dodoma, na mashine hakuiona mpaka leo.

Naomba mnivumilie nieleze kwa nini alikuwa sahihi, maana nimegundua kuwa wengi mnafuma mwaka hadi mwaka bila kujua kuwa sponji ipo. Mbele ya kitanda, juu ya sindano, umepita ukanda mwembamba wa chuma wenye sponji upande wa chini, na sponji hiyo ndiyo inayozikandamiza sindano zote zilale. Kichwa kinapopita, njia zilizochongwa chini yake huzisukuma sindano mbele. Kitanzi cha zamani huteleza nyuma ya kilimi, yaani kile kijiulimi cha sindano kinachofunga na kufungua ndoano, uzi mpya hulazwa kwenye ndoano, sindano hurudi, na kitanzi kile kinapokuja mbele hukifunga kilimi na kuvuka juu yake. Sindano ya kilimi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1849, kwa kazi ya Matthew Townsend wa Leicester, na namna inavyofanya kazi haijabadilika. Kila kitu kinategemea sindano kuwa mahali pake hasa uzi unapofika. Sponji ikishalala, sindano huinuka kidogo tu, unene wa ukucha. Nyingine huukosa uzi na kudondosha kitanzi, nyingine hugonga bamba la kichwa, na kichwa kinakwama. Ukisukuma kwa nguvu kama nilivyosukuma mimi, ndipo sindano hupinda na vilimi huvunjika. Sindano zilizopinda zilikuwa matokeo, na mimi nilikuwa nimelipia matokeo bila kugusa chanzo.

Nilipouvuta ukanda ule ukatoka, sponji yake ilikuwa nyembamba kama karatasi, nyeusi, inanata. Sponji huzeeka hata mashine ikiwa imefungiwa kabatini, kwa hiyo anayewauzia mashine akisema haijatumika miaka 20 amewaambia sababu ya kuikagua kabla ya kufuma hata mstari mmoja.

Wapo watakaosema, "Wewe ni fundi, sisi ni wafumaji tu." Kunyanyua sindano kwa ncha ya kidole hakuhitaji ufundi. Anayeweza kuokota kitanzi kilichodondoka mistari kumi chini anaweza kufanya kipimo hicho, na ninyi nyote hapa mnaokota vitanzi.

Wapo pia watakaosema kwamba ukanda huo haupatikani Dodoma. Ni kweli kuupata dukani ni kazi, hasa kwa wenye mashine za kampuni ya Brother, ambayo iliacha kuzitengeneza miaka mingi iliyopita. Lakini msiutupe ukanda wenu wa zamani. Kwangueni sponji iliyokufa, safisheni chuma kwa spiriti, kisha nunueni katika maduka ya vifaa vya ujenzi ule utepe wa sponji wenye gundi unaozibia upenyo wa milango. Bandikeni, na juu yake wekeni utepe laini wa kitambaa ili sindano ziteleze bila kuing'ata sponji. Nilijaribu sponji ya godoro. Ilikandamizika baada ya muda mfupi na nikarudi nilipotoka, kwa hiyo siishauri. Wakati wa kuurudisha ukanda, kandamizeni sindano kwa mkono mmoja huku mkiusukuma polepole kwa mkono wa pili, kwa sababu ukipita chini ya sindano badala ya juu, mtakuwa mmejitengenezea tatizo jipya. Halafu angalieni sindano moja moja kama inalala.

Na wale wanaosema heri kununua mpya: sipingi, viwanda vya China vinatoa mashine mpya. Lakini mashine mpya nayo ina sponji itakayolala, ina sindano zitakazochoka, na siku hiyo mtampigia mtu simu. Swali litakuwa lilelile: mtamwambia nini?

Basi turudi kwenye yale mambo manne, kwa sababu kila jibu linampa msaidizi njia. Namba ya mashine inaonyesha vipuri vyake; sindano ya Brother si ya Silver Reed, kampuni nyingine, na ya mashine ya uzi mwembamba si ya mashine ya uzi mnene. Mahali pa tatizo panamtenganishia sindano na mengine. Kitanzi kikidondoka kwenye sindano ileile kila mara, itoe, uibadilishane na sindano ya mwisho kabisa pembeni, ambayo haitumiki sana. Tatizo likihama pamoja na sindano, sindano ndiyo mbovu. Likibaki palepale, tazama mfereji na sponji. Vikidondoka pembeni mwa kitambaa tu, angalia vile vyuma vya kuvutia kitambaa chini, kama umevipandisha kadiri kazi inavyorefuka. Upande wa kichwa nao unasema mengi: kama vitanzi vinadondoka kichwa kinapokwenda kulia tu, basi sindano hazina hatia, maana zingekosea kwenda na kurudi. Pindua bamba la mbele uangalie brashi zake ndogo za mviringo na magurudumu ya mpira. Mara nyingi utakuta nyuzi zimejiviringa hapo na brashi moja haizunguki. Nyuzi hizo hutolewa kwa kibanio cha nyusi.

Kuhusu uzi, sisi wa Dodoma tuna shida yetu. Kiangazi hewa ni kavu, na uzi wa akriliki hujaa umeme wa msuguano, unanata kwenye mlingoti unaoshika uzi juu ya mashine, unaingia kwa kushtuka na kukaza vitanzi. Pitisheni uzi kwenye kipande cha mshumaa wakati wa kuuviringisha upya. Msifume moja kwa moja kutoka kwenye bonge lililokazwa kwa mkono, kwa kuwa huachia uzi kwa mivuto isiyolingana, na mtu ataihukumu mashine kwa kosa la bonge.

Oili: matone machache ya oili nyepesi ya cherehani, chini ya kichwa na kwenye reli yake, kisha futeni iliyozidi. Oili ya injini na mafuta ya kupikia visiguse mashine. Mkimaliza kazi, funikeni. Upepo wa Julai na Agosti mnaujua wenyewe.

Kichwa kikikwama msisukume. Legezeni skrubu mbili zinazoshika bamba la mbele, litoeni, inueni kichwa, rudisheni sindano nyuma taratibu, kisha mwandike namba ya sindano iliyokuwa mbele yake. Mwandike kwenye daftari, maana mtu akishakuwa na hasira hakumbuki.

Na mnapoomba msaada kwa simu, tumeni picha ya namba ya mashine, na video ya mistari minne ikifumwa polepole, kichwa kikionekana kwa karibu pamoja na sindano. Video ya sweta iliyoharibika inanionyesha hasara mliyoipata. Chanzo chake kiko kwenye sindano wakati zinapotembea. Wenye ndugu wanaosoma Kiingereza wawaombe wawatafsirie vitabu vya maelekezo, kwa sababu vingi vina michoro inayotaja kila sehemu kwa herufi, na ukimtajia msaidizi herufi hiyo mnaelewana hata kama ninyi mnakiita kitu hicho kwa jina lenu la nyumbani.

Nilikusudia kuzungumzia kadi za matundu za kufumia mapambo, pamoja na kitanda cha pili cha kufumia mapindo yanayovutika, ambacho kina matatizo yake yenyewe ya kukaa sambamba na kitanda cha kwanza. Muda hautoshi, na naona wenzetu wa Kongwa wana basi la kuwahi. Naona pia mashine tano zimeletwa. Tuanze na ile iliyofunikwa kitenge pale mlangoni. Mwenyewe asimame, asome namba iliyoandikwa kwenye mashine, na atuambie ni sindano ya ngapi, upande gani.