Ramani Sahihi, Maelezo Yenye Makosa: Uchunguzi wa Uvimbe wa Taya kutoka Mulago

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa,

Nimeombwa nizungumzie namna wanasayansi wanavyofikiri na kufanya kazi. Ningeweza kuanza na hatua zinazoandikwa ubaoni katika kila shule ya sekondari, yaani uchunguzi, nadharia tete, jaribio na hitimisho. Hatua hizo si za uongo, lakini anayezikariri hudhani kazi yenyewe imenyooka kama zilivyonyooka ubaoni. Nitafuata badala yake uchunguzi mmoja uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki, ulioanzia Kampala mwaka 1957, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: mtafiti anaweza kukosea katika maelezo yake na bado akaiachia sayansi kitu cha kudumu, mradi yale aliyoyaona ameyakusanya kwa uaminifu.

Mwaka huo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago. Hugh Trowell, ambaye wengi wanamjua kwa utafiti wake wa kwashakoo, alimwita wadi ya watoto amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Hali hiyo haikueleweka, kwani haikuwa maambukizi ya kawaida, na saratani hutazamiwa ianzie mahali pamoja, si pande nne kwa mpigo. Burkitt alimpiga picha na kuandika alichokiona. Haukupita muda mrefu, akiwa katika hospitali ya Jinja, alitazama nje dirishani akamwona mama ameketi kwenye nyasi na mtoto mwenye uso uliovimba vilevile. Alitoka, akamkagua, akakuta taya zimevimba pande zote nne, na tumboni mna uvimbe mwingine.

Ni huo uvimbe wa tumboni uliompeleka kwenye majalada. Kumbukumbu za Mulago zilikuwa na watoto wengi wenye saratani, lakini kila mmoja alikuwa ameandikwa kwa kiungo kilichougua: huyu saratani ya taya, yule ya figo, mwingine ya ovari. Burkitt alipoyasoma majalada kwa pamoja aliona kwamba aliyevimba taya mara nyingi alikuwa na uvimbe pia katika viungo hivyo vingine, na kwamba huenda magonjwa haya mengi ni ugonjwa mmoja. Aliichapisha hoja hiyo mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza, na watu wachache sana waliijali. Gregory O'Conor, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa Kampala wakati huo, ndiye aliyeonyesha kwa hadubini kwamba chembe za uvimbe huu zote ni za jamii ya limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Kwa maoni yangu, hapa ndipo ugunduzi wenyewe ulipofanyika, ingawa hakuna kifaa kipya kilichotumika wala jaribio lililofanywa. Takwimu zilikuwapo kabatini miaka yote, ila zilikuwa zimepangwa kwa namna iliyoificha habari yake.

Baadaye mgeni kutoka Johannesburg, George Oettlé, alimweleza Burkitt kwamba uvimbe wa namna hiyo hauonekani Afrika Kusini. Wengine wangeipokea habari hiyo kama jambo la kushangaza na kuliacha hapo. Burkitt aliigeuza kuwa swali: kama ugonjwa upo Uganda na haupo Afrika Kusini, basi kati ya nchi hizo kuna mpaka, na mpaka huo unaweza kutafutwa. Alituma vipeperushi vyenye picha kwa mamia ya hospitali za serikali na za misheni, akichomeka pini ukutani kwenye ramani kwa kila jibu lililorudi na kisa. Pini hizo zilitanda mkanda mpana katikati ya bara, wenye mkia ulioshuka kusini upande wa mashariki. Mwezi wa Oktoba 1961, pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, alianza safari ya gari kuukuu iliyochukua wiki 10 na zaidi ya kilomita 16,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuelekea kusini na kuwauliza wauguzi na madaktari kama wamewahi kumwona mtoto wa namna ile.

Naomba tukae kidogo kwenye ramani hiyo, maana namna ilivyosomwa ni somo tosha. Afrika Mashariki ugonjwa ulikoma penye mwinuko wa takribani meta 1,500, na ilikuwa rahisi kusema kwamba kizuizi ni mwinuko. Lakini kadiri walivyosonga kusini, mbali na ikweta, mpaka huo ulishuka, hadi kusini mwa Msumbiji ukawa karibu na usawa wa bahari. Mwinuko wenyewe, basi, haukuweza kuwa sababu. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alitambua kwamba kinachobaki kilekile kote ni joto: ugonjwa haukuwapo mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za Selisiasi. Hata hivyo, Afrika Magharibi kulikuwa na maeneo yenye joto la kutosha ambayo hayakuwa na ugonjwa, nayo yalikuwa yale makavu, kwa hiyo mvua nayo ikaingizwa katika hesabu. Joto na mvua kwa pamoja huleta wadudu, na ramani ilifanana na zile za magonjwa yaletwayo na wadudu. Nadharia tete iliyotoka humo ilikuwa ya kuvutia sana: saratani hii inaletwa na virusi, na virusi hivyo vinabebwa na mdudu, pengine mbu.

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Alipanga vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala, akavitafuta virusi kwa hadubini ya elektroni kwa takribani miaka miwili bila kuona chochote. Mwishoni mwa 1963 ndege yenye sampuli ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na sampuli ilipofika London maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Desturi ilikuwa kumwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini kwanza, akakuta kwamba uchafu ule ni chembe hai za uvimbe zilizojitenga na kuelea. Watu hupenda kusimulia habari ya ukungu huu kana kwamba ndio uliogundua virusi. Ukungu ulichelewesha mzigo tu. Kilichofuata ni kazi ya Yvonne Barr ya kuziotesha chembe hizo maabarani na ya Bert Achong katika hadubini ya elektroni, na mwaka 1964 watatu hao walitangaza virusi ambavyo leo vinaitwa kwa majina ya Epstein na Barr.

Hapo ndipo maelezo yalipovunjika. Werner na Gertrude Henle, waliokuwa Philadelphia, walipopima damu za watu waligundua kwamba virusi hivi vimewapata karibu watu wazima wote, Marekani kama Afrika. Huenezwa kwa mate, si kwa mbu. Ilibidi kuuliza upya: virusi vilivyotapakaa dunia nzima vinawezaje kuleta saratani katika mkanda mmoja tu? Jibu lililopata nguvu ni malaria. Mahali ambapo mtoto huugua malaria mara kwa mara tangu utotoni, kinga yake husumbuliwa, nazo chembe zenye virusi huongezeka bila kudhibitiwa vizuri. Burkitt mwenyewe aliitetea hoja hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, akitaja Unguja na Pemba, ambako joto na mvua vilikuwapo lakini visa vilikuwa adimu, na ambako malaria ilikuwa imepigwa vita.

Kwa hiyo mbu aliyeshukiwa alihusika kweli, ila alikuwa amebeba vimelea vya malaria, si virusi. Nadharia tete ya 1961 ilianguka, lakini hakuna pini hata moja iliyohitaji kung'olewa, na ni ramani ile ile iliyoifanya hoja ya malaria iweze kupimwa.

Hata sasa jambo halijakwisha. Mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba katika chembe za uvimbe huu kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kromosomu nyingine, hasa ya 14, na kuamsha jeni inayozifanya chembe zigawanyike bila kikomo. Lakini mamilioni ya watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania huambukizwa virusi na kuugua malaria, na ni wachache mno wanaopata uvimbe. Ni nini kinachowatenga hao wachache, bado linachunguzwa, na nashukuru kwamba baadhi ya wanaolichunguza wako Kampala.

Naomba tupokee maswali.