Mota Mbili, Betri Moja

Ahsanteni. Kuchora na kukata bawa mnajua, na wengi wenu mmesharusha ndege za mota moja, kwa hiyo huko sitakaa. Nimekuja na neno langu lilelile, waliokwisha kulisikia wanivumilie: ndege ya rimoti yenye mota mbili haina usalama mara mbili. Mota moja ikizima, ile iliyobaki ndiyo itakayokuangushia ndege.

Mota hizi hazikai puani, zimekaa bawani, kila moja upande wake. Ya kushoto ikikata, ya kulia inaendelea kuvuta na pua inageukia kushoto. Bawa la kulia linapata upepo zaidi, linainuka. La kushoto linadidimia. Nanyi mnafanya nini? Mnavuta kijiti cha rimoti ili ipande! Mwendo unazidi kupungua, bawa lililolala linashindwa kubeba, ndege inabingirika hadi chini. Shusha kijiti cha mwendo kwanza! Zima na ile nzima, itue kwa kuteleza hewani.

"Lakini mwalimu, ndege za abiria zinaruka na injini moja." Zinaruka, nani kakataa? Usukani wake wa mkia umepimwa kwa kazi hiyo, upo mwendo ambao rubani haruhusiwi kwenda chini yake, na rubani mwenyewe yumo ndani, anaisikia kwa mguu kwenye pedali. Wewe umesimama kwenye majani, ndege iko mita 100, na hujajua hata upande uliozima ni upi.

Sasa betri. Kila mara hakosekani wa kuniambia kila mota iwe na betri yake. Jamani! Betri mbili hazichoki pamoja, hata zikinunuliwa siku moja. Kidhibiti cha mwendo, kile kifaa kinachokaa kati ya betri na mota, kikiona umeme umeshuka, karibu volti 3 kwa seli, kinakata mota ili kuiokoa betri. Kitakata upande mmoja, tena mwishoni, unapokuja kutua, uko chini na huna mwendo. Tumieni betri moja yenye waya uliogawanyika, upungufu uzifikie mota zote pamoja.

Tazameni hapa mezani. Propela nimezivua, nanyi zivueni. Napandisha kijiti cha mwendo taratibu... mmeona? Kushoto imeanza, kulia bado, na vidhibiti ni aina moja. Havijafundishwa kijiti kinaanzia wapi na kuishia wapi. Kijiti juu kabisa, unganisha betri, subiri mlio, shusha hadi chini. Kimoja, halafu kingine.

Propela ya kushoto na ya kulia kuzunguka kinyume? Katika ndege za injini mbili za Vita vya Pili vya Dunia, Lockheed P-38 ilikuwa hivyo, de Havilland Mosquito haikuwa, na zote ziliruka. Ukitaka, badilishana nyaya mbili kati ya tatu za mota moja, na utafute propela ya kuzunguka kinyume. Tuendelee.

Vidhibiti viwili visiilishe umeme kwa pamoja risiva, ile inayopokea mawimbi ya rimoti: chomoa waya mwekundu wa kimoja kwenye plagi, uuzungushie tepu. Nyaya za betri msizirefushe, zinaunguza vidhibiti. Refusheni zile tatu za mota.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kitovu cha uzito: asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, mkipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia sikuufikia. Anayejenga sasa hivi anione kwenye chai kabla hajakata usukani.